UZI: Picha ndefu ya mandhari iliyokunjwa kama kodiani, unaichapa mwenyewe nyumbani (vipimo, mikunjo, viungo)

#1 LenziPana

Wakuu, salaam kwenu.

Nina picha nyingi za mandhari ndefu, zile za kuunganisha fremu saba, nane au tisa mpaka unapata utepe mmoja. Kwa miaka zimelala kwenye diski. Kwenye simu zinaonekana kama uzi mwembamba katikati ya giza, na ukutani picha yenye upana mara sita ya kimo chake inadai ukuta wote kwa ajili yake peke yake. Nilitaka kitu ninachoweza kumpa mtu mkononi, akakifungua polepole, na ufukwe wote ukatokea kipande baada ya kipande.

Jibu ni mkunjo wa kodiani, ile ala ya muziki inayofunguka na kufungwa, nao ni wa kale sana. Wachina walikunja maandiko ya Kibuddha namna hii, huku na huku, wakapata kitabu kutokana na gombo refu. Wajapani wanakiita orihon. Ulaya wafunga vitabu wanakiita leporello, jina la mtumishi katika opera ya Mozart ya mwaka 1787, yule anayekunjua orodha ndefu ya wanawake wa bwana wake. Hata kwenye fani yetu si jambo geni: Eadweard Muybridge alipiga mji wa San Francisco kutoka kilimani mwaka 1877, vipande 11 vilivyopangwa pamoja na kukunjwa kwa mkunjo huu huu. Mwaka uliofuata akarudia kwa sahani za kioo kubwa zaidi, vipande 13, jumla ikazidi mita 5.

Sasa niwaeleze nilikoanzia, kwa sababu ndiko wengi wanakoanzia. Printa yangu inapokea karatasi yenye upana wa milimita 329 na inachapa mpaka urefu wa milimita 990 hivi. Nikasema basi, kazi imekwisha. Nikachukua roli ya karatasi ya picha inayong'aa, nene, nikakata utepe, nikachapa picha ya milimita 960 kwa mkupuo mmoja. Ilipotoka, mezani, ilikuwa nzuri mno. Nikaigawa mara nane, kila ukurasa milimita 120, nikakunja.

Kila mkunjo ulipasuka. Mstari mweupe kutoka juu hadi chini, katikati ya anga ya buluu, mara saba. Ukurasa wa mwisho nao ulikuwa mfupi kwa milimita 4, kwa sababu nilikuwa nahamisha rula kutoka mkunjo hadi mkunjo, na kila kosa dogo lilibebwa na lililofuata.

Uzi huu ni wa yale niliyoyabadilisha baada ya siku ile. Naandika kwa awamu.

#2 LenziPana

Kwa nini ilipasuka

Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni ile ngozi ya juu inayopokea wino. Kwenye karatasi nyingi zinazong'aa ni tabaka gumu lenye vitundu vidogo mno. Linashika wino vizuri, lakini halipindiki. Ukilikunja linavunjika, na chini yake kuna weupe.

Ya pili ndiyo iliyonichukua muda kuielewa: nyuzi. Karatasi ikitengenezwa kiwandani, nyuzi zake nyingi hulala upande ule mashine inakokwenda. Ukikunja sambamba na nyuzi, zinalala zenyewe na mkunjo unakuwa mnyoofu. Ukikunja kwa kuzikata, unazivunja moja moja, mkunjo unakuwa na meno na karatasi inataka kurudi ilikotoka. Karatasi ya roli kwa kawaida nyuzi zake zinakwenda na urefu wa roli. Mikunjo ya kodiani inakwenda kwa upana wa roli. Maana yake ukichapa picha ndefu kwenye roli, kila mkunjo unakata nyuzi. Nilikuwa nimeichagua njia mbaya kuliko zote nikidhani ndiyo rahisi.

Kujua nyuzi zimelala upande gani: shika karatasi, ipinde taratibu kama unayetaka kuikunja lakini usiikunje, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaopinda bila ubishi ndio sambamba na nyuzi. Kama bado una shaka, kata vipande viwili vya ukubwa sawa, kimoja kwa urefu na kimoja kwa upana, vishike kwenye ncha vining'inie. Kile kinacholegea zaidi, mkunjo wake unapita sambamba na nyuzi. Wengine wanalowesha kwa maji waone inajikunja upande gani, lakini karatasi yenye utando wa plastiki mbele na nyuma haipokei maji, kwa hiyo hapo jaribio hilo halikupi jibu.

Kwa hiyo sasa sitaki tena kipande kimoja. Nachapa vipande vifupi kwenye A4, naviunga. Na swali lote likawa: viungo vikae wapi?

#3 mkono_mtulivu

Kiti cha mbele kabisa. Mkuu, viungo havionekani? Mimi nikifikiria gundi katikati ya picha roho inakataa.

#4 LenziPana

Mkuu mkono_mtulivu, vinaonekana vikiwekwa mahali pabaya. Vikiwekwa mahali pake, mtu anashika kitabu na kukupa bila kujua kimeungwa. Ngoja nifike hapo.

Milima na mabonde

Mkunjo ambao picha inabaki nje, unaokujia usoni, niuite mlima. Ule ambao picha inaingia ndani, kurasa mbili zikitazamana, niuite bonde. Kodiani ni bonde, mlima, bonde, mlima mpaka mwisho.

Kiungo ni ulimi: kipande kimoja kinazidi kwa milimita 10, ule ulimi unapita nyuma ya kipande kinachofuata na kugundishwa hapo. Sasa fikiria ulimi huo ukiwa kwenye mlima. Ukingo wa kipande cha pili unakaa juu kabisa ya ncha, mahali panaposuguliwa kila mtu akifungua. Baada ya mwezi unaanza kunyanyuka. Nilitengeneza viwili hivyo na vyote viwili vilinyanyuka.

Uweke kwenye bonde. Ukingo ule ule unaingia kwenye kona, ndani, kurasa mbili zikiulinda kila upande. Kidole hakifiki, mwanga wa moja kwa moja haufiki, na macho yenyewe pale yanatarajia kivuli. Viungo vyote viwe mabondeni, na milima yote iwe mikunjo ya kweli ya karatasi nzima. Hili ndilo jambo moja ambalo ningependa mtu aondoke nalo kwenye uzi huu, mengine yote anaweza kuyabadilisha.

Vipimo vyangu

Kitabu cha kurasa 8, kila ukurasa upana milimita 95, kimo milimita 130. Picha nzima 760 kwa 130. Kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 8,976 kwa upana na 1,535 kwa kimo. Hicho ni kiasi ambacho fremu chache tu za kamera ya kawaida zikiunganishwa zinakipita. Ukiwa na 240 kwa inchi bado ni nzuri, kitabu hiki kinatazamwa kwa umbali wa mkono.

Kitabu chote kinatoka kwenye A4 mbili. A4 nyingi nilizopima nyuzi zake zinakwenda na upande mrefu wa 297. Basi nasimamisha karatasi, naigawa katikati, napata vipande viwili vya upana 210, na mikunjo ya kusimama inakuwa sambamba na nyuzi. Kila kipande kinabeba kurasa mbili na ulimi: 95 na 95 na 10, jumla 200. Milimita tano tano zinabaki pembeni kwa ajili ya printa.

Ila usianze na ukurasa wa 1 na 2 pamoja! Ukianza hivyo viungo vyote vinaangukia milimani. Anza na ukurasa wa 1 peke yake:

kipande A: ukurasa 2 na 3, na ulimi
kipande B: ukurasa 4 na 5, na ulimi
kipande C: ukurasa 6 na 7, na ulimi
kipande D: ukurasa 1 na ulimi wake (105), kisha ukurasa 8 usio na ulimi (95), vikishachapwa vinatenganishwa kwa kisu

D nacho kinatimia 200. Nilipopiga hesabu hii kwa mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani, kwa furaha. Vipande vinne, karatasi mbili, hakuna kinachotupwa.

#5 kodiani_mpya

Mkuu hongera, maelezo yanaeleweka. Swali la mwanafunzi: picha za simu, zile unazozungusha simu yenyewe ikaunganisha, zinafaa au lazima kamera na stendi?

#6 LenziPana

Zinafaa kuanzia. Kwa kimo cha milimita 130 pikseli za simu nyingi za sasa zinatosha. Tatizo lake ni mawili: mtu akipita wakati unazungusha anakatwa mara mbili au anarefuka kama kivuli cha jioni, na upeo wa macho unapanda na kushuka kama mkono ulivyotikisika. Kwenye skrini huoni. Kwenye kitabu cha kodiani utaona, kwa sababu mkunjo ni mstari wima unaopimia kila kitu.

Ukipiga fremu moja moja: simamisha kamera wima, funga eksposha (kiasi cha mwanga), funga rangi ya mwanga, funga fokasi, yote yawe ya mkono. Kila fremu ipandane na iliyotangulia kwa karibu theluthi moja. Kama kuna vitu vya karibu, kama uzio au meza, zungusha kamera kwenye kitovu cha lenzi na si kwenye mwili wako, vinginevyo vitu vya karibu na vya mbali vitahama visilingane. Kwa milima ya mbali hata mkononi inakubali.

Kuunganisha, mimi natumia Hugin, ni programu ya bure. Picha ikizidi nyuzi 120 hivi za mzunguko, chagua makadirio (namna programu inavyoilaza picha kwenye ukurasa) ya silinda, yale bapa yatavuta pembe mpaka majengo yanene. Na usiridhike mpaka upeo uwe sawa. Kosa la mwinamo wa nyuzi 0.2 tu, kwenye utepe wa milimita 760, ni zaidi ya milimita 2.6 kutoka mwisho hadi mwisho.

#7 Mama_Jalada

Wanangu habari zenu. Mimi ni mfunga vitabu, picha sizijui sana, lakini nimefurahi kuona mtu anaongelea nyuzi kabla ya kuongelea wino.

Niongeze moja. Kurasa lazima ziwe shufwa: 6, 8, 10, 12. Si suala la kupenda. Jalada la mbele linagundishwa nyuma ya ukurasa wa kwanza, na jalada la nyuma linagundishwa nyuma ya ukurasa wa mwisho. Ili migongo hiyo yote miwili itazame nje kitabu kikifungwa, mkunjo wa kwanza uwe bonde na wa mwisho uwe bonde. Kurasa 8 zina mikunjo 7, ukianza na bonde unaishia na bonde. Kurasa 7 zina mikunjo 6, utaanza na bonde uishie na mlima, na ukurasa wa mwisho utakuwa na picha mahali pa gundi. Nimeona kazi nzuri ikiharibikia hapo.

Na kijana, kwenye vipimo vyako, mfuo, ule mstari unaokandamizwa kabla ya kukunja, unautia upande gani?

#8 LenziPana

Mama Jalada, shikamoo. Asante sana kwa hilo la shufwa, nilikuwa nalifanya kwa mazoea bila kujua sababu yake.

Mfuo nilikuwa nautia wote kwa mbele, kwa kalamu ya wino uliokwisha, kisha nakunja kila upande. Mabonde yamekuwa yakikaa vizuri, milima inakaa, sijui kama kuna upande ulio sahihi.

#9 Mama_Jalada

Marahaba mwanangu.

Upande upo. Ukikandamiza mfuo, upande wa pili wa karatasi unatokeza kamwinuko kembamba. Kamwinuko hako kanatakiwa kabaki ndani ya mkunjo, karatasi ikunjwe kuukimbia mfuo. Kakiwa nje, karatasi inavutwa juu ya kinundu na hapo ndipo ngozi inapopasuka. Kwa hiyo milima yako, ambayo picha iko nje, tia mfuo kwa mbele. Mabonde, tia mfuo kwa nyuma. Tumia kitu butu na laini, mfupa wa kukunjia au hata mgongo wa kijiko chembamba, chini uweke kadibodi laini kidogo ili mfuo upate pa kuzama. Pitisha mara mbili tatu kwa wepesi, usipitishe mara moja kwa nguvu.

Usikunje mpaka mwisho kwa mara moja pia. Inamisha hadi nusu, angalia mstari, halafu ndiyo ukandamize, na uweke kipande cha karatasi safi kati ya mfupa na picha ili usiache mng'ao.

#10 RoliNzima

Nawasalimu. Nina mtazamo tofauti kidogo. Mimi nachapa kipande kimoja kwenye roli na hakipasuki. Siri ni karatasi. Natumia ya Kijapani iliyotayarishwa kwa wino, gramu 110 kwa mita ya mraba, nyuzi ndefu za kozo, mti wa jamii ya mforosadi. Unaikunja hata kinyume na nyuzi na inakubali. Hakuna ulimi, hakuna gundi. Naona mnajipa kazi kubwa ya viungo kwa sababu ya karatasi nene inayong'aa.

#11 LenziPana

Mkuu RoliNzima, umesema kweli na nakubali. Nyuzi za kozo ni ndefu kiasi kwamba mkunjo hauzikati zote, na karatasi nyembamba inavutika kidogo sana upande wa nje. Kwa picha za ukungu, maji, theluji, karatasi hiyo ina uzuri ambao karatasi ya kung'aa haitaupata.

Mambo mawili yananirudisha kwenye vipande lakini. Gramu 110 haisimami vizuri mezani kwa kimo cha milimita 130, inajilegeza, na mimi napenda kitabu kinachosimama chenyewe. Halafu printa. Kichwa cha wino kinapokwenda kushoto na kulia kipimo chake ni cha uhakika, lakini kuivuta karatasi kwenda mbele kunategemea roli za mpira, na hapo kosa dogo linapatikana. Kwenye utepe mrefu kosa hilo linajilimbikiza kwa urefu wote wa picha. Kwenye A4 zangu upana wa kurasa unakwenda na njia ya kichwa cha wino, kwa hiyo kila ukurasa unatoka 95 kweli.

Wewe mikunjo yako unaigawaje isihame?

#12 RoliNzima

Sipimi kabisa. Nakunja nusu, ncha kwa ncha. Kisha kila nusu nairudisha kwenye mkunjo wa kati, napata robo. Kisha kila robo nusu tena. Kurasa 8 bila rula, hakuna kosa la kulimbikiza kwa sababu kila mkunjo unagawa kosa badala ya kuliongeza. Baada ya hapo nageuza tu mikunjo inayotakiwa kuwa milima. Inafaa kwa kurasa 4, 8 na 16. Hilo la kusimama uko sahihi, yangu ni ya kushika mkononi, haisimami.

#13 LenziPana

Hiyo ya kukunja nusu kwa nusu ni nzuri mno, wenye karatasi nyembamba waichukue. Kwa anayepima kwa rula: rula isihame. Iweke mara moja, sifuri kwenye ukingo, weka alama zote kutoka hapo hapo: 95, 190. Nilichokosea siku ya kwanza ni kuhamisha rula.

Wino na karatasi, kwa ufupi. Natumia karatasi isiyong'aa, gramu 190 hivi, ngozi yake ni laini zaidi na mkunjo wenye mfuo hauonyeshi weupe. Karatasi zote za kitabu kimoja nazichapa kwa kikao kimoja, kutoka pakiti moja, kwa mipangilio ile ile, kwa sababu anga ya ukurasa wa 3 inakaa ubavuni mwa anga ya ukurasa wa 4 na jicho linashika tofauti ndogo mno ya rangi. Kisha siku nzima ya kukauka kabla ya kugusa mfupa.

Faili nalipanga hivi, kwa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, yeyote atumie anachokijua. Juu na chini naongeza milimita 3 za picha za kukata. Kulia, picha inaendelea milimita 2 ndani ya ulimi, ili kiungo kikisogea hata kidogo kisionyeshe weupe. Sehemu iliyobaki ya ulimi naiacha bila wino, gundi inashika vizuri zaidi. Kushoto naongeza milimita 2 za kukata. Kwa hiyo kipande cha ukurasa 2 na 3 kinachukua picha kuanzia milimita 93 hadi 287, nacho kinakatwa kwenye 95 kamili. Ukikata hapo, kisu kipya na rula ya chuma, pitisha kwa wepesi mara kadhaa. Ukingo huo ndio utakaokaa bondeni na ndio pekee usiosamehe.

#14 kodiani_mpya

Wakuu nimejaribu jana usiku, naleta mrejesho na kilio. Nimefuata kila kitu, mfuo mbele kwa milima, nyuma kwa mabonde. Hakuna kilichopasuka, nashukuru sana. Ila kurasa zangu zimetoka 92 badala ya 95, zote. Picha haijakatika, imepungua tu.

#15 LenziPana

Hongera kwanza kwa mikunjo.

Printa imeipunguza picha iingie ndani ya kingo zake, karibu asilimia 97 ya ukubwa. Kwenye dirisha la kuchapa tafuta mpangilio wa kutoshelezesha ukurasa, uuzime, chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Mimi kwenye kila faili nachora pembeni mstari wa milimita 100. Karatasi ya kwanza ikitoka naweka rula juu ya mstari kabla ya kuchapa ya pili. Usiitupe uliyoichapa, kurasa zote zimepungua sawa, kwa hiyo bado ni kitabu, jalada tu ndilo litakalobadilika kipimo.

#16 mkono_mtulivu

Mkuu LenziPana, nina picha ya familia nzima, watu 14 wamesimama mstari mmoja ufukweni. Nimeiweka kwenye vipimo vyako na mkunjo wa nne unampitia mtu usoni kabisa. Nifanyeje?

#17 LenziPana

Swali hili ndilo nililolisubiri, nashukuru umeuliza.

Kabla ya kuchapa chochote cha rangi, chapa picha ndogo ya kijivu kwenye karatasi ya kawaida, kata utepe, ukunje, usimamishe mezani, ukae nao. Siku mbili tatu. Utaona mambo ambayo skrini haiwezi kukuonyesha. Ukisimama kushoto kwa kitabu unaona nusu ya kurasa, zile zinazotazama kulia zimekupa kisogo. Ukihamia kulia unaona nusu nyingine. Kilicho mlimani kinakujia, kilicho bondeni kinarudi nyuma na kupata kivuli. Mti uliosimama peke yake ukiuweka mlimani unakuwa kama umetoka nje ya karatasi. Mto au barabara inayoingia mbali, iweke bondeni, kina chake kinaongezeka.

Pia picha inafinyika. Kurasa zikifunguka kwa pembe ya nyuzi 90, milimita 760 zinachukua 537 tu mezani. Zikifunguka 120, ni 658. Uso wa mtu unafinyika vivyo hivyo ukiutazama kwa mbele, kwa hiyo watu wakae katikati ya ukurasa, mbali na mkunjo wowote.

Kwako wewe: watu 14 hawagawanyiki kwa 8. Jaribu kurasa 14 za wembamba zaidi, mtu mmoja kila ukurasa, kama walisimama kwa nafasi zinazolingana. 14 ni shufwa, Mama Jalada atakubali. Kama hawakulingana, sogeza mahali pa kuanzia kukata, kushoto au kulia kwa milimita 10 au 20, mara nyingi uso unaokoka kwa kusogeza tu. Ikishindikana, mkunjo upite begani. Usoni usipite kabisa. Mtu huyo atakishika kitabu hicho siku moja, na jambo la kwanza atakalolitafuta ni yeye mwenyewe.

#18 Mama_Jalada

Nakubali 14. Na hilo la uso nalikubali zaidi.

Nimalizie upande wangu, majalada. Ubao wa kijivu wa milimita 2, vipande viwili, kila upande uzidi ukurasa kwa milimita 3. Kwa ukurasa wa 95 kwa 130 ubao ni 101 kwa 136, nyuzi zake nazo zisimame wima. Vika kitambaa au karatasi, kingo zigeuzwe ndani kwa milimita 15. Gundi iwe ile nyeupe ya maji, nyembamba sana, ipakwe kuanzia katikati kwenda nje, maana ikizidi maji karatasi inajikunyata na wino unaweza kutembea. Kwenye zile ndimi za milimita 10, utepe wa gundi pande mbili usio na asidi ni salama kuliko gundi ya maji.

Ukivika ubao kwa nje utaona unapinda, jalada linauvuta. Usiogope. Ukigundisha ukurasa wa picha kwa ndani utauvuta upande wa pili na ubao utanyooka. Weka karatasi isiyopitisha maji kati ya jalada na kurasa, uzito juu, mpaka kesho. Usichungulie.

#19 kodiani_mpya

Mama, kama kurasa zangu ni 92, ubao ni 98?

#20 Mama_Jalada

98 kwa upana. Na kimo kipime upya, kwa asilimia 97 cha kwako kitakuwa 126 hivi, kwa hiyo 132. Ila pima kitabu chenyewe kikiwa kimefungwa, usipime faili.

#21 mkono_mtulivu

Nimechapa ile ya kijivu ya kurasa 14. Mtu wa tisa na wa kumi walikuwa wameshikana mikono, mkunjo unapita kwenye mikono. Nimehesabu, mkunjo wa tisa ni bonde. Kitabu kikifungwa wanatazamana.

Nauacha hapo hapo.

#22 LenziPana

Uache. Ila hapo bondeni ndipo kiungo kinapoangukia pia, kwa hiyo kata ukingo wa ukurasa wa 10 kwa kisu kipya kabisa, na anza na kiungo hicho kabla mkono haujachoka.